Kipimo Nakijua

Mimi husoma uchumi kwa futi kamba.
Kibanda changu kiko Kirinyaga Road,
kati ya muuza betri na fundi wa rejeta;
napima vyeti vya watu, nakata mbao, natia kioo.
Ishirini na moja kwa ishirini na tisa nukta saba:
ndoto za mji huu zote zina kipimo kimoja.
Ukiona vyaning'inia, vimelipiwa.

Mwaka ule waliposema kaskazini kuna mafuta
vyeti vya petroli vilikuja vingali vinanuka wino.
Ekidor alitaka mvule, si msonobari.
"Mbao nzito, mama. Hiki hakitashuka ukutani."
Mafuta yakabaki yalikokuwa.
Ekidor nilimkuta Gikomba
akipanga viatu vya mitumba kwa saizi,
akanisalimu kwa adabu ya mhandisi.

Wakaja wa takwimu bima,
wanaojua kupiga hesabu ya siku utakayokufa
ila si ya siku utakayoajiriwa.
Wakaja wa benki.
Kisha benki ikahamia ndani ya simu
na makarani hawakuenea humo.

Halafu wale watatu wa fulana zinazofanana.
Hawakuleta digrii, walileta cheti cha kampuni:
programu ya kumkutanisha mkulima wa nyanya na mama wa genge.
Nikauliza, kwani hao wawili wamekosana?
Wakanionyesha mchoro,
mstari unapanda kuelekea kulia
kama ngazi iliyoegemezwa hewani.
Walilipa bila kupunguziwa hata shilingi.
Pesa ya mgeni haina uchungu mkononi.

Miezi kumi na minne.
Huko ng'ambo riba ikapanda,
mtu asiyewahi kubinya nyanya akafunga pochi,
na kule Kilimani viti vikashushwa kwa lifti, kimoja kimoja.
Mdogo wao, Mutheu, ndiye aliyenirudishia fremu.
"Kioo bado kizuri," akasema. "Utanunua?"
Nilinunua.
Shilingi imekonda, kioo kimepanda,
na mimi pia nina kodi.

Siku hizi ni vyeti vya wiki sita.
Barasa hukesha akiifundisha mashine:
hii ni taa, huyu ni mtoto, hii ni damu.
Hulipwa kwa picha, senti kwa senti.
"Na ikishajua yote?"
Akacheka, akatazama saa.

Nyuma ya pazia nina fremu kumi na tisa
ambazo wenyewe hawajazirudia.
Amana walilipa; salio liliwashinda, au hamu.
Nimezigeuza zitazame ukuta
jua lisije likayafuta majina.

Jana usiku, saa tano na nusu,
binti yangu Kwamboka alikuwa mbele ya simu.
Mlango wa maombi ya chuo unafungwa saa sita.
"Mama, nijaze nini?"

Miaka ishirini na mbili ya kupima,
ningepaswa kuwa na jibu.
Ninachojua ni mbao ipi hujipinda mvua ikinyesha.

"Wewe ulisomea fremu wapi?"
Sikusomea. Nilikuwa mkata vitambaa Industrial Area.
Mitumba ilipojaa, kiwanda kikafungwa,
nikatoka getini na barua ya mistari minne
na mkono uliozoea kukata pakanyooka.
Mbao, nguo: mkono haukuuliza.

Akanyamaza. Mtandao ukazungukazunguka.
Saa sita kasoro dakika tatu akabonyeza kitu,
akaiweka simu kifudifudi mezani
kama mtu aliyecheza karata yake.
Sikumwuliza.

Leo nimefungua mapema kuliko muuza betri.
Nimekata vipande vinne vya mvule,
nimevipiga msasa, nimeviegemeza pembeni bila kioo.
Jina la cheti silijui,
wala kama miaka minne ijayo kutakuwa na ukuta.
Kipimo nakijua.